Mifupa Mchana Kweupe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliosoma nao shule ya Wadachi huko pwani walipata ukarani na ukalimani. Mimi nilirudi milimani Uluguru, nikaoa, nikahamia kwa watu wa mke wangu kama desturi yetu inavyoruhusu, na hapo nikatambua kwamba kipaji changu kikubwa ni kukaa. Kutoka kwenye kibaraza chetu kwenda Morogoro mjini ni kuteremka asubuhi nzima, na kurudi ni kupanda huku unajuta. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyegeuka mchukuzi wa mifupa.

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza wakati wa masika, na uzazi ulimvunja. Alilala ndani akihudumiwa na mama yake, akimega ugali na kisamvu matonge mawili matatu, kisha anasukuma bakuli. Maziwa yakapungua. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, na kilio chenyewe kila kukicha kinazidi kuwa chembamba. Kilio hicho ndicho kilichoniinua kwenye kigoda.

Kule pwani, katika nyumba niliyopanga, mzazi alinyweshwa supu ya mifupa yenye pilipili manga. Wala haikuwa ya mzazi peke yake. Chungu kilishinda motoni, na maharage, mboga, hata wali wa wageni, vyote vilipikwa kwa maji yale. Nikaamua na sisi tufanye vivyo hivyo, na tufanye kila siku.

Mama mkwe hakunipinga usoni, kwa sababu uso wangu hautazami. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakodoleani macho wala hawabishani ana kwa ana. Mimi namwamkia nikiwa nyuma ya ua, naye akiwa na neno kwangu huwaambia kuku.

"Kuku," alisema siku nilipotangaza nia yangu, "huyu msomi anataka kutuletea nini humu?"

"Kuku," nikajibu, "mwambieni mama ni supu."

"Kuku, mwambieni mboga tunazo."

Nikateremka mjini. Mchinjaji alinipima kwa macho nilipomwomba mifupa ya ng'ombe.

"Una mbwa wangapi, bwana?"

"Mbwa sina. Nina mke."

"Basi asijue ulivyonijibu," akasema, akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi.

Niliona haya. Mtu wa shule, kanzu nyeupe, anabeba mifupa iliyokwanguliwa! Nikaifunga kwa majani ya mgomba, nikapita njia za nyuma, mashambani kwa watu, nisikutane na mtu wa kuniuliza. Watu sikukutana nao. Nilikutana na mbwa, kila mmoja akamwita mwenzake, nikafika nyumbani na msafara ambao hata bwana mkubwa wa boma hajawahi kuwa nao.

Niliwasha moto uani, nikachemsha tangu asubuhi iliyofuata. Mchana nikaenda kuchota maji, na niliporudi chungu kilikuwa kitupu, na shina la mgomba linafuka mvuke.

"Mama kamwaga!" mke wangu aliita kutoka ndani, sauti ikiwa haina nguvu lakini utani umo. "Bwana shule, hata mgomba umekula supu yako kabla yangu."

Nilisimama nyuma ya ua, hasira imenijaa. Mama mkwe alikuwa anawatupia kuku punje.

"Kuku, ninyi hamkuwapo miaka ya njaa baada ya vita. Tulichemsha mifupa iliyokuwa imeshatupwa. Tulikwenda kuiokota kwa kujificha, tumeifunga majani. Mama yangu alinipa maji yale, yeye asiyaonje, akafa. Leo mtu ananiletea mifupa myeupe, imefungwa majani, amepita njia za wezi. Majirani watasema nini? Watasema nyumba hii imekwisha, na binti yangu amekwisha."

Hasira ikanitoka yote.

Mtoto akalia, kile kilio chembamba. Nikasema moyoni, supu itapikwa, lakini haitapikwa hivi.

Kesho yake nikateremka tena. Miguu ilikuwa inauma mahali nisipojua kuwa nina miguu. Nilimwomba mchinjaji ugoko na goti vyenye nyama yake, nyama inayoning'inia, inayoonekana na mtu aliye mbali. Nikavitundika kwenye mti wa kubebea, nikauweka begani, nikapanda kwa njia kuu katikati ya vijiji, jua likiwa kali. Niliwaamkia wote, hata wasionitazama.

"Kuna harusi?" mama mmoja akauliza.

"Hakuna harusi."

"Matanga?"

"Hakuna, mama. Leo siku ya kawaida. Kwetu tunakula hivi."

"Kila siku?"

"Kila siku," nikasema, na papo hapo nikahesabu ndani ya nafsi yangu safari nilizojiapiza.

Habari ilinitangulia. Nilipofika, majirani wawili walikuwa wameshakuja kuulizia siri ya neema yetu, na mama mkwe amekaa nao, mgongo umenyooka. Nikaweka mti chini mbele ya wote, nikashika shoka nipasue goti. Nikakosa. Nikakosa tena.

"Kuku," ikatoka sauti ya mama mkwe, "mwambieni aache hilo shoka kabla hajajikata mguu tukampika yeye."

Nikaliacha. Akaja akalichukua nikiwa nimegeuza uso, akapasua goti kwa pigo moja, akabeba chungu kikaingia jikoni kwake. Tangu hapo sikuruhusiwa kukigusa. Kisamvu kikapikwa kwa maji yale, maharage yakapikwa kwa maji yale, na mzazi akapewa bakuli asubuhi na jioni. Kama ni supu iliyofanya kazi, au ni usingizi, au ni mama yake kuacha kuogopa, mimi si mganga.

Najua tu kwamba asubuhi moja nilikuwa uani, mke wangu akaniita, "Njoo mlangoni, unyamaze."

Nikasogea. Ndani mtoto alikuwa anameza, gubu, gubu, kwa pupa, hadi anapaliwa. Halafu nikasikia mtu mzima naye anapiga funda la supu, polepole.

"Kuku," mama mkwe akasema, "chumvi imepungua. Lakini namaliza."