Modemu Mpya ya Seremala

Kaka yangu ni seremala, kiziwi tangu utotoni, na mbishi kupindukia. Mikono yake haijui kutulia: isipopiga randa, inaongea. Ukibishana naye kwa lugha ya alama na akaona unamshinda, anafumba macho, basi umebaki unapunga hewa. Nimekuwa mdogo wake miaka arobaini, vituko vyake nimevizoea.

Mwaka huu chuo cha ufundi cha viziwi kilimwomba afundishe kwa video kutoka karakana yake ya uani. Somo la majaribio lingekuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Likifaulu, kazi ni yake. Alikuwa akiitamani kazi hiyo tangu ujana. Tukafanya mazoezi na mkuu wa chuo, picha ikawa inaganda kila mara. Sisi tunaosikia, picha ikiganda huenda sauti ikaendelea. Kwake yeye, mkono ukiganda hewani, neno limekatika.

"Modemu imezeeka," akaniambia.

Akanunua mpya, yenye antena nne. Kwa kuwa karakana imejaa vumbi la mbao, akaitengenezea sanduku la mbao ngumu, lenye bawaba za shaba, na ndani akalizungushia bati pande zote. Lilikuwa zuri, sikatai. Mtandao nao ukawa mbovu kuliko mwanzo.

Ijumaa mchana akaja fundi wa mtandao, mwanamke mchangamfu. Akaunganisha modemu na kompyuta kwa waya: mtandao ukakimbia. Akauchomoa waya: ukatambaa. Akafungua sanduku, akagonga lile bati, akacheka mpaka akakaa chini.

"Ile ya zamani ilikuwa imechoka kweli, hukukosea kununua," akasema, nami nikatafsiri. "Lakini hata mpya haiwezi kupenya bati, fundi mwenzangu. Umeiweka rumande!"

Kaka akafumba macho. Nikamfinya. Akafumbua kwa shingo upande, akaitoa modemu, akaiweka juu ya rafu, wazi kabisa. Sanduku nikalinyakua mimi, natunzia nyuzi zangu.

Jumamosi wanafunzi kumi na wawili wakatokea kwenye skrini. Kaka akachonga kwa patasi, akaunganisha mbao mbili bila msumari, kisha akaweka vifaa chini na kuanza kueleza. Alieleza kwa raha, mikono ikiruka huku na huko. Wanafunzi wakamkodolea macho, hakuna aliyetikisika. Nikajisemea: picha imeganda tena!

Msichana wa mbele akainua mikono. "Polepole, mwalimu. Unakwenda mbio mno."

Wenzake wakaangua kicheko. Kaka akanigeukia, machozi yanamlengalenga, akirudia alama ile ile: mwalimu, mwalimu. Nami nikalia, kwa furaha tupu, kisha nikamwonyesha kwa kidole ageuke, darasa linamsubiri.