Maji ya Tumbaku

Juzi, kwenye duka la dawa pale Kitete, nilimwona mama mmoja akimpaka mwanawe dawa nyeupe ya upele. Mtoto alikuwa anacheka. Niliondoka upesi, maana pua yangu ilikuwa imeshajaa harufu ya tumbaku.

Mimi upele ulinishika nikiwa mtoto, kwetu Usoke, na mama aliapa kwamba joto la kiangazi halitanikuta nao. Alichemsha majani ya tumbaku yaliyokataliwa sokoni mpaka maji yakawa meusi, akayamimina kwenye karai. Shangazi alinilaza kifudifudi juu ya gunia, akanikalia miguu. Mama akanisugua kwa gunzi mpaka damu ikatoka, kisha akanimwagia yale maji. Nilipiga yowe, mbwa wetu akakimbia. Nikamng'ata mama mkono mpaka nikaonja damu. Akanizaba kofi.

"Tulia! Unataka kuoza?"

Nilipotapika, shangazi alifurahi. "Dawa hiyo, inafanya kazi."

Mama akachovya tena kwenye karai mkono ule ule niliomng'ata, akaendelea na mgongo. Punde mikono ikaanza kumtetemeka, akainama kando ya karai, naye akatapika. Nilielewa kwamba namtia kinyaa, na kwa miaka mingi nilimchukia kwa hilo.

Sasa najua kwamba sumu ya tumbaku hupenya kwenye ngozi, na kwenye kidonda hupita mbio. Ilikuwa inatuua wote wawili mchana ule. Yeye, mlango wa kuipitisha nilimfungulia mimi, kwa meno yangu.