Mapafu ya Kuazima

Fundi seremala mstaafu alikuwa na mapafu yaliyochakazwa na vumbi la mbao na sigara. Hospitali ilimvalisha kifaa kama saa, kinachopima hewa iliyomo kwenye damu na kumpelekea muuguzi vipimo. Vipimo vikiwa vibaya angelazwa, na fundi aliogopa wodi kuliko kaburi, maana wodini hakuna sigara. Basi akamvisha dada yake kile kifaa, akajiendea zake nyuma ya choo kuvuta.

Wiki haikuisha, muuguzi akapiga simu.

"Shikamoo, mzee. Hongera, mapafu yako safi! Kesho tunakuja kukichukua kifaa, tumpe mgonjwa."

Fundi alitaka kucheka, kikohozi kikamkaba hadi akashika ukuta. Hapo akatambua kwamba akizidiwa, hakuna atakayejua.

"Mwambie," akafoka dada yake, aliyekuwa kando akisikia simu yote. "Au nimwambie mimi kwamba ukoo wetu umezaa tapeli wa pumzi?"

"Marahaba, mwanangu," fundi akasema huku akihema. "Mapafu unayoyasifu ni ya dada yangu."

"Na ya kwako?"

"Yapo hapa, yanapiga filimbi."

Dada akakivua kifaa, akamfunga nacho kama anayemtia pingu, kisha akanyoosha kiganja.

"Sasa lete na pakiti."