Kichuguu cha Mteremkoni

Wajukuu zangu wananiona nimetulia hapa Kanyenye, wanadhani nilizaliwa hivi. Wakati wa Mwingereza, kijijini kwetu msichana mwenye kujua baiskeli alikuwa mmoja tu, mimi, binti wa mhunzi. Ilikuwa ya kaka, na kengele yake naisikia mpaka leo. Kuendesha nilijua, kushuka sikujua. Nilikuwa nasimama kwa kukanyaga kichuguu.

Siku hiyo mama alinionya, "Tulia ndani. Baba wa mchumba wako anakuja kukuona. Kwao wanasifu upole wako."

Kijana yule nilimtaka kweli. Lakini njia ya zamani ya wapagazi ilishuka vizuri mno hadi bondeni mtoni. Nikatoroka niteremke mara moja tu.

Karibu na mto nikaona kichuguu, nikakikanyaga. Kikakohoa. Kumbe ni mzee amejikunyata, kajifunika blanketi la rangi ya udongo.

"Shikamoo, baba," nikasema, mguu ungali begani kwake.

"Marahaba. Toa mguu."

"Nikiutoa nitaanguka, baba."

Akaishika baiskeli, nikashuka. "Sasa nipeleke kwa mhunzi. Nasikia ana binti mpole."

Nikamtangulia nikiikokota baiskeli mpaka mlangoni kwetu. Mama akatoka mbio.

"Karibu, mkwe. Binti mwenyewe ndiye huyo."