Hodi ya Pengwini

Leo nimelitoa kabatini koti zito la baba, lile alilovaa kwenye ghala la nyama za kugandishwa. Bado linanuka barafu na maboksi.

Siku moja nikiwa mdogo, nje jua la Fort Worth lilikuwa linachoma, nami nimesimama juu ya miguu ya baba, ndani ya koti hilo, tukitazama pengwini kwenye televisheni.

“Baba yao huweka yai juu ya miguu, akalifunika kwa tumbo,” akaniambia. “Hali chochote mpaka mama arudi kutoka baharini.”

“Sasa mama atamjuaje? Si wote wanafanana!”

“Kwa sauti.”

Mama yangu nilimjua kwa simu tu. Alikuwa Kenya akisubiri viza ya kuja kwetu, na kila alipopiga alianza na “Hodi!” kana kwamba yuko mlangoni.

Wiki hiyo, viza ikiwa imetoka, tukaenda kumpokea uwanja wa ndege. Wanawake wakatoka wengi, na mabegi yao. Nikamkimbilia wa kwanza aliyetabasamu, nikamkumbatia kiuno. Hakuwa yeye. Nikaganda kwa aibu.

Nyuma yangu, mahali pasipo na mlango wowote, mtu akasema polepole, “Hodi?”

“Karibu,” nikajibu, hata kabla sijageuka.