Mama wa Moi's Bridge na Watu Wake Wanaozama

Nikitoka Kitale kwenda kwa ndugu zangu Bungoma, huwa nazunguka kwanza kwa mama mmoja wa Moi's Bridge anayeandika hadithi za kutisha. Huandika amefunika karatasi kwa mkono wa kushoto, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu. Sauti yake ni ya chini hata akinisomea mambo mabaya.

"Mzee, huyu nimuue ama nimwache?"

"Mwache, mama. Si bado ni kijana?"

"Nikimwacha, hadithi imeisha, bana." Anacheka kidogo, halafu anamzamisha mtoni. Wote huzama. Huwa siulizi, maana mto Nzoia ulimchukua kijana wake, na tangu siku hiyo hajatamka jina lake.

Juzi nilimkuta binti yake, Nabwile, ameleta mtoto mchanga wa kiume apewe jina. Kwetu mtoto akilia, nyanya humwitia majina ya waliotangulia, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Mama akampakata, akaita babu zake, akaita wajomba. Mtoto analia tu.

"Mama, si umebakisha mmoja," Nabwile akasema polepole.

Yule mama akaangalia vidole vyake vyenye wino. Kisha akasema, "Wakoli." Mtoto hakusikia kwa kilio. Akasema tena, kwa nguvu, kama mtu anayemwita mtoto aingie ndani mvua ikikaribia, na akaendelea kuita hata baada ya mtoto kunyamaza.