Aliyehubiri kwa Kiswahili cha Kambini

Kwa miaka tisa mimi ndiye niliyeongoza liturgia ya Kiswahili katika kanisa letu dogo la Kilutheri hapa Kampala. Tulisali kwenye ukumbi wa shule tulioupanga mtaa wa Nsambya: wengi wetu Wakenya waliokuja kutafuta riziki, pamoja na familia chache za polisi kutoka kaskazini mwa Uganda, wakazi wa kambi ya polisi iliyo jirani. Siku za kazi nauza vyombo vya plastiki kwenye soko la Kikuubo, ambako wapagazi hunipigia kelele niwapishe njia. Jumapili nilisimama mbele, nikasema, "Bwana awe nanyi," na ukumbi mzima ukanijibu. Sikuwa na kitu kingine nilichokipenda hivyo.

Ndipo akaja yeye. Alikuwa polisi, mlinzi wa geti la kambi, mumewe mwanajeshi Mwislamu. Miezi ya kwanza alipanga viti tu. Kisha Mchungaji akamwomba ahubiri.

"Mimi hapana jua Kiswahili ya kitabu," alituambia siku hiyo. "Mimi nasimama kwa geti. Mtu anakuja, nauliza kitambulisho. Kama hana, anarudi. Lakini Yesu pia iko kwa geti. Yeye hapana uliza kitambulisho. Anauliza tu, umechoka?"

Watu walilia. Mzee mmoja, ambaye kila wiki alinisifu kwa Kiswahili changu sanifu, alinipita akaenda kumshika yule mwanamke mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nilikuwa nimehubiri mara nne, na hakuna aliyewahi kutoa leso.

Wiki hiyo Mchungaji akaniambia, "Mama, mfundishe liturgia. Mtapokezana zamu."

Akawa anakuja dukani akiwa amevaa sare zake, anakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Nilimsahihisha kila neno, kwa sauti ya kusikika hadi duka la pili. "Si 'mtu yote'. Ni 'watu wote'." Naye akaandika kwenye kidaftari chake, akasema, "Asante, mama." Shukrani zake ndizo zilizonichoma zaidi.

Zamu yake ya kwanza ilipokaribia, aliniomba nimwandikie somo la Injili. Kalenda ya kanisa ilikuwa mbele yangu. Nikamwandikia la Jumapili nyingine.

Jumapili akasoma kwa shida, kidole kikifuata mstari. Mchungaji alisimama na mahubiri yake mkononi, akamtazama.

"Dada, hili silo somo la leo."

Yeye aliangalia karatasi yenye mwandiko wangu, akaikunja polepole.

"Samahani, Mchungaji. Nimekosea mimi."

Hakugeuka hata kunitazama. Akatafuta somo sahihi, akalisoma lote. Nilikuwa nimengoja kwa hamu kumwona akiaibika. Alipoaibika kweli, sikujua pa kuweka macho.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu. Tulipofika kwenye maungamo, pale ninapowaongoza wenzangu kukiri makosa yao, sauti ilinikauka. Washarika walidhani nina mafua. Baada ya ibada nilimkuta akikunja viti.

"Ile karatasi," nikasema, "sikukosea. Nilifanya makusudi."

"Najua. Mimi ni polisi, mama."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wewe ungesimama wapi?" Akanipa kiti nikikunje.

Jioni ile mimi mwenyewe nilimweleza Mchungaji yote. Hakunigombeza. Aliniondoa kwenye zamu hadi Pasaka, na kwa wiki zote hizo niliketi safu ya nyuma, nikimsikia yule polisi akiongoza ibada na makosa yake yote ya ngeli, na watu wakizidi kuja. Alileta hata jirani zake wa kambini, wanawake ambao kwa miaka tisa nilikutana nao njiani bila kufikiria kuwakaribisha.

Sasa tunapokezana. Wivu haujaniisha, siwezi kudanganya. Majuzi aliniomba nimsaidie kuandaa mahubiri ya siku ya ubatizo. Tuliketi saa nzima. Nilimpa mfano mmoja niliokuwa nimejiwekea mwenyewe kwa muda mrefu, nikisubiri siku inayoufaa. Jumapili akautoa, na watu wakalia tena. Safari hii nami nilitoa leso, ingawa sina hakika nililia kwa sababu ile ile yao.